Pochi ya kitenge iliyolegea: je, fundi wa magauni anaweza kunishonea nyingine ikadumu?

"Fundi, habari za kazi. Naishi Mwanga, hapa Kigoma. Mwaka jana nilimpelekea fundi wangu wa magauni kitenge kipya kilichobaki, nikamwonyesha kwenye simu picha ya pochi ya Chanel, ile yenye mfuniko, mishono ya almasi na mnyororo, nikamwomba anishonee ya kufanana nayo. Mnyororo hakuwa nao, akaweka mikanda ya kitenge hichohicho. Ilitoka nzuri, watu wakaisifia. Haikufika mwezi wa pili ikalegea ikawa kama kiroba, na mkanda mmoja ukang'oka nikishuka kwenye bodaboda. Fundi anasema kosa ni kitenge, eti si kitambaa cha pochi. Sasa mdogo wangu ana sendofu Kasulu baada ya wiki nne. Kitenge ninacho, na nina shilingi 60,000. Rafiki yangu ananishauri niagize kopi kutoka Kariakoo. Mwingine anasema nirudi kwa fundi, na safari hii adarizi na nembo kabisa ili ionekane ya dukani. Mimi nataka kitu kizuri kitakachodumu. Nifanye nini? Na hii ya zamani niitupe?"

Dada yangu, kazi njema kabisa, namshukuru Mungu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu kuna maneno umeyapita haraka nayo ndiyo yenye jibu: "ilitoka nzuri", kisha "ikalegea". Pochi inayotoka kwa fundi imesimama halafu ikalala baada ya wiki chache ilikuwa inasimamishwa na kitu cha kupita. Mara nyingi kitu hicho ni wanga. Vitenge vingi vipya hutoka kiwandani vikiwa vimetiwa wanga, ndiyo maana ukikikunjua kinakuwa kikavu na kina sauti kama karatasi. Ukishonea kikiwa hivyo, pochi inasimama yenyewe na wewe na fundi mnafurahi. Halafu unakuja mkono wenye jasho, inanyesha mvua ya Novemba, unaikalisha mapajani kwenye Hiace mpaka Ujiji na kurudi. Wanga unalainika, na kinachobaki ni nguo.

Kwa hiyo fundi wako amesema nusu ya kweli. Kitenge peke yake hakiwezi kuwa pochi. Lakini hata hariri peke yake haiwezi, wala ngozi laini ya mbuzi. Gauni linavaliwa, na mwili wa mvaaji ndio unaolipa umbo. Pochi haina mwili, kwa hiyo ni lazima ishonewe mwili wake ndani. Kazi hiyo fundi wa magauni hajafundishwa, na si kwamba hawezi. Mimi mwenyewe nilishona magauni miaka sita kabla sijagusa pochi, na pochi ya kwanza niliyomshonea mteja ilichanika mkanda stesheni, siku anasafiri, mizigo yake ikiwa chini na treni imeshafika. Nilimrudishia pesa yake yote. Tangu siku ile, mteja akiniletea picha ya pochi ya nje huwa namuuliza kwanza: itabeba nini?

Nawe nakuuliza hivyohivyo. Pochi ya sendofu hubeba simu, leso, kioo, pesa kidogo, pengine na funguo. Ya kila siku hubeba chupa ya maji, daftari, kanga, na nyanya za njiani. Hizo ni kazi mbili tofauti. Barua yako inataka pochi moja ifanye zote, na kwa 60,000 sikushauri. Tushone ya sendofu iwe imara kiasi cha kuvaliwa miaka mingi kwenye shughuli. Ya kila siku nitakuelekeza njia nyingine mbele kidogo.

Tuanze na huo mwili wa ndani. Kitenge kwanza kifuliwe, kianikwe kivulini, kipigwe pasi. Wanga utoke mapema, na kama kitaruka kiruke kabla hakijakatwa. Ukitaka kujua kinaruka kiasi gani, kata pembeni kipande cha sentimita 20 kwa 20, kifue, kikauke, kipime. Kikirudi 19, jua kimepungua sentimita 5 katika kila 100, na hizo zingekunja pochi yako baada ya kushonwa.

Nyuma ya kitenge kinakaa kitambaa cha gundi, kile mafundi wanachobandika kwenye kola za mashati. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo nielewe vizuri. Gundi ile ni ya kuyeyuka. Inataka joto na uzito vikae mahali pamoja, kama sekunde 10 hadi 15, kisha pasi inyanyuliwe na kuwekwa mahali pa pili. Fundi wa magauni amezoea kuburuza pasi. Akiiburuza, gundi inasogea kabla haijashika, na baada ya mwezi unaona mapovu juu ya kitenge kama ngozi iliyoungua maji. Kwa pasi ya mkaa ni vigumu zaidi, kwa sababu joto lake halilingani kila upande, na mwenye busara huweka kitambaa chepesi chenye unyevu katikati. Kisha kipande kiachwe kipoe kikiwa kimelala. Kikiinuliwa cha moto kinapinda, na kikishapoa kimepinda hakinyooki tena.

Baada ya hapo tunahitaji nyama. Kwa pochi yenye mishono ya almasi nyama hiyo ni sponji nyembamba ya milimita 3, na nyuma yake kitambaa kigumu cha kuishikilia. Usinunue kipya. Suruali ya jinzi ya mtumba iliyochoka magoti ina mapaja mazima, na jinzi ya pamba tupu imefumwa kwa kubana, haivutiki. Kateni hayo mapaja.

Watu wengi hudhani mishono ya almasi ni urembo tu. Pochi ya Chanel unayoipenda ilitoka Februari 1955, ndiyo maana wanaiita 2.55, na ile mishono yake ina kazi. Kila mstari unafunga kitambaa cha juu, nyama na kitambaa cha nyuma viwe kitu kimoja, ili kimoja kisisogee bila kingine. Godoro la zamani lililotobolewa kwa vifungo linafanya kazi ileile, la sivyo sufi yote ingehamia miguuni. Kwa hiyo fundi wako akikushonea almasi juu ya kitenge peke yake, bila nyama wala kitambaa cha nyuma, amechora picha ya mishono. Fungua ile ya zamani uangalie ndani. Sitashangaa ukikuta hivyo.

Sasa hesabu ya kukata, umwonyeshe fundi. Tuseme pochi ikiisha iwe na upana wa sentimita 26, kimo 17 na unene 7. Mgongo na mfuniko vikatwe kipande kimoja: mgongo 17, juu 7, mfuniko 14, jumla 38, ongeza sentimita 1 ya mshono kila upande, unapata 40 kwa 28. Mbele ni 19 kwa 28. Ubavu unaozunguka kutoka juu upande mmoja, kupita chini, hadi juu upande wa pili ni 17 na 26 na 17, yaani 60, ukiongeza mshono 62 kwa 9. Lakini vipande vya almasi visikatwe kwa vipimo hivyo mwanzoni. Mshono unapozama kwenye sponji unakula kitambaa, na kipande hupungua pande zote. Kikatwe kikubwa kwa sentimita 4, 44 kwa 32 na 23 kwa 32, kishonwe almasi zote, ndipo kipimwe tena na kupunguzwa. Fundi akikata kamili tangu mwanzo, mfuniko utakuwa mfupi na ataulazimisha kwa kuuvuta. Ukiangalia picha uliyomwonyesha, utaona mistari ya mfuniko inakutana na mistari ya mbele bila kukatika. Hapo ndipo mkono wa fundi mzuri unapoonekana, na hata fundi wa kijijini mwenye rula na chaki anaweza kuupata. Anachohitaji ni kufunga mfuniko kwa pini kabla hajashona, na awe na subira.

Vipande vyote hivyo vinaingia kwenye nusu yadi ya kitenge. Kama kitenge chako kina ua kubwa au ndege na unataka likae katikati ya mfuniko, tumia yadi nzima. Bitana, yaani kitambaa cha ndani, iwe ya kitambaa chepesi chenye rangi ya kung'aa, ili usitafute funguo gizani, na ikatwe ndogo kuliko nje kwa milimita 3 hivi kila upande. Ikilingana na nje itajikunja ndani kama shuka kitandani.

Chini ya pochi weka ubao. Wengi huweka boksi, nalo likiloa mara moja limekwisha. Chukua plastiki ngumu, hata ubavu wa dumu la maji la lita 20, ikatwe sentimita 25 kwa 6 na pembe zake ziviringwe zisitoboe bitana. Dumu liwe la maji. Dumu la mawese hata ulisugue na majivu, rangi na harufu vitatoka kidogokidogo na bitana yako itaona.

Nimekaa sana ndani ya pochi, kwa sababu ndimo pesa yako inamotakiwa kukaa. Tuje kwenye mkanda uliong'oka.

Nina hakika mkanda wako uliingizwa kwenye mshono wa juu, katikati ya kitenge na bitana, ukapigwa mstari mmoja, basi. Mstari wa cherehani ni safu ya matundu. Ukivuta kwa kukatisha safu hiyo, kitambaa kinachanika juu ya matundu kama karatasi ya tiketi, na uzi unabaki mzima. Na ulipokuwa unashuka kwenye bodaboda, pochi haikuvuta kwa uzito wake wa kawaida. Kitu kinachoanguka kidogo kisha kikakamatwa ghafla huvuta mara kadhaa ya uzito wake. Kwa hiyo mahali pa kushikia pasiwe mstari. Pawe eneo. Mkanda ushuke kwenye mwili wa pochi kama sentimita 5, ushonwe mraba wenye msalaba ndani yake, na nyuma yake, upande wa ndani, pawe na kiraka cha ngozi au turubai kinachozidi mraba huo pande zote. Hapo mzigo unagawanyika.

Hapa nakuomba umwache fundi cherehani apumzike kidogo, uvuke barabara uende kwa fundi viatu. Watu wetu wanamtazama kama mtu wa soli na katambuga, lakini kwa pochi yeye ndiye mwenye kazi ngumu. Hermès, kampuni ya Ufaransa ambayo pochi zake bei yake ni ya kununulia gari, ilianza mwaka 1837 ikitengeneza vifaa vya farasi, na mshono inaojivunia mpaka leo ni wa watu wa hatamu na matandiko: uzi mmoja, sindano mbili, kila tundu linapitiwa kutoka pande zote. Cherehani haifanyi hivyo. Nyuzi zake mbili, wa juu na wa chini, hukabana katikati ya kitambaa, na mmoja ukikatika mwenzake anakosa wa kumshika, mshono unafumuka. Katika mshono wa sindano mbili, uzi ukikatika mahali pamoja, ule uliopita upande wa pili bado umo ndani ya kila tundu. Fundi viatu ana msharasi, kile chuma cha kutobolea ngozi, ana uzi mnene, na mkono wake una nguvu ya kukaza. Mwonyeshe kwa kidole: toboa, pitisha sindano ya kushoto, pitisha ya kulia tundu hilohilo, kaza. Wengine wanajua tayari. Uzi uwe wa poliesta, usiwe wa pamba, na aupake nta ya nyuki kabla ya kushona. Nta inapatikana kwa wauza asali, ya huku kwetu au ya Tabora, na kipande cha ukubwa wa sabuni ya hotelini kitatosha pochi nyingi. Inaufanya uzi uteleze bila kusagika na inazuia maji.

Kwa hiyo mwambie fundi viatu akukatie vipande viwili vya ngozi vyenye upana wa sentimita 2.5, kila kimoja kikunjwe kupitia pete yenye umbo la herufi D, kishuke kwenye ubavu wa pochi na kushonwa mraba kama nilivyosema. Afanye hivyo kabla bitana haijafungwa, kwa sababu lazima aone ndani. Yaani pochi itoke kwa cherehani ikiwa nusu, iende kwa fundi viatu, irudi kumaliziwa. Mafundi wengi hawapendi kazi inayozunguka hivi. Mweleze mapema, na mlipe kila mmoja sehemu yake.

Mnyororo sasa. Inayouzwa bei ya chini mingi ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, na jasho likiigusa kwa msimu mmoja rangi inatoka na kutu inaanza kuchafua bega la gauni. Nenda dukani na sumaku ndogo, hata ya spika ya redio iliyokufa. Ikinasa kwa nguvu, ni chuma. Isiponasa kuna uwezekano ni shaba ya manjano au aluminiamu, na hizo hazishiki kutu kama chuma. Lakini kabla hujanunua mnyororo mpya, pita kwenye mitumba. Kwenye lundo la pochi kuukuu utakuta ambayo ngozi yake imebanduka yote na hakuna anayeitaka, huku mnyororo, zipu, pete na kifungo chake cha sumaku ni vizito na vizima. Mimi huzinunua hizo kwa ajili ya vyuma tu. Na ukiifumua taratibu, vipande vyake vinakupa patani, yaani kielelezo cha kukatia, ya bure.

Kuhusu nembo, hapo nitakuwa mkali kidogo, nisamehe. Usimwombe fundi adarizi nembo ya kampuni ya mtu. Umbo la pochi yenye mfuniko, mishono ya almasi, mnyororo begani, hayo ni mambo ambayo mafundi duniani kote wanaazimana. Nembo ni jina la mtu. Hapa Tanzania kuna Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo inayokamata bidhaa bandia. Anayetia alama ya kughushi ni fundi, na ni fundi atakayeulizwa kwanza, mtu mwenye cherehani moja na watoto. Louis Vuitton wenyewe walibuni ile chapa yao ya herufi na maua mwaka 1896 kwa sababu walichoshwa na waigaji wa masanduku yao, na bado wanaigwa. Hutapata ladha yao kwa kudarizi herufi zao. Darizi zako. Herufi mbili za jina lako pembeni ya mfuniko, kwa uzi wa rangi iliyomo kwenye kitenge, na hakuna mtu Kasulu atakayekuuliza umenunua duka gani. Watakuuliza fundi ni nani.

Kopi ya Kariakoo siikatai kwa sababu ya sheria peke yake. Nyingi zimetengenezwa kwa ngozi bandia, kitambaa kilichopakwa utando wa poliyurethani. Utando huo unaliwa na unyevu wa hewa: maji yaliyomo hewani yanauvunjavunja kidogo kidogo, na joto linaharakisha. Ndiyo maana unatunza pochi kabatini, huibebi, na siku unayoitoa inabanduka magamba kama muhogo. Haikuchakaa kwa kubebwa. Ilichakaa kwa kuishi, na mji wa ziwani kama wetu una unyevu wa kutosha. Ukiagiza kwa picha huwezi kugeuza upande wa nyuma uone kama ni nyuzi za ngozi au kitambaa kilichofumwa, huwezi kuvuta mkanda, na ikifika ina kasoro, nauli ya kuirudisha inakula akiba.

Ile ya kila siku niliyokuahidi ni hii: nunua mtumba wa ngozi halisi uliochakaa bitana au zipu, umpe fundi akutengenezee. Ngozi ikiwa nzima, vingine vyote vinabadilishika. Tazama kingo zilizokatwa. Ngozi halisi ina nyuzi zilizosukana bila mpangilio, kama sufi iliyobanwa, na tone la maji likiachwa juu yake kwa dakika moja mara nyingi linaacha alama nyeusi kidogo linapozama, ijapokuwa ngozi iliyopakwa rangi nzito haitanyonya. Kwa thamani ya pesa, kwa maoni yangu, hakuna kinachoishinda. Ila haitakuwa na kitenge chako na haitafanana na ya mtu uliyemwona kwenye simu, kwa hiyo chagua ukijua unachokiacha.

Pesa yako ningeigawa hivi. Fundi cherehani 25,000, fundi viatu 10,000. Mnyororo, pete, kifungo cha sumaku, kitambaa cha gundi, sponji na bitana 20,000. Akiba 5,000, kwa sababu kila kazi ina kitu kinachosahaulika. Fundi akikuambia atakushonea yote kwa 15,000, furahi polepole. Hiyo bei haina mwili wa ndani, nawe umeshaonja. Na akikutajia zaidi ya niliyoandika, usimkatishe. Mwambie akuonyeshe ataweka nini ndani, kisha mpatane.

Wiki nne zinatosha kama utaanza wiki hii. Usimpelekee picha moja. Tafuta ya mbele, ya ubavu, ya chini na ya ndani, na umwandikie vipimo kwenye karatasi. Mpelekee na simu yako aipime humo. Kabla hajagusa kitenge, mwombe akushonee sampuli ya kitambaa cha marekani, hata bila zipu, bila almasi. Kipande cha marekani hakina gharama kubwa na makosa yote ya vipimo yatakufa humo. Muulize anatumia sindano namba ngapi. Akisema 11, ile ya vitambaa vyepesi, jua itavunjika kwenye pembe. Kwa tabaka hizi ni 16 au 18, na mshono wa milimita 3 hadi 3.5, usiwe mdogo wa gauni, maana matundu yakikaribiana sana ndipo kitambaa kinapochanika. Cherehani nyeusi ya zamani ya miguu itafaa kuliko ndogo za umeme. Kwenye pembe zenye tabaka nane aache kukanyaga, azungushe gurudumu kwa mkono, tundu kwa tundu, na kabla ya hapo agonge mshono kwa nyundo juu ya gogo ulale. Mpe malipo ya awali ya kununulia vifaa, mwandikiane tarehe ya sampuli na tarehe ya kukabidhi, na tarehe ya kukabidhi iwe siku kumi kabla ya safari.

Hizo siku kumi ni za jaribio. Weka kilo mbili za mchele ndani ya pochi, itundike kwa mnyororo kwenye msumari imara, iache ilale usiku kucha. Asubuhi tazama pale kwenye mraba wa ngozi. Ukiona matundu yamerefuka au kitenge kimekunjamana kuelekea kwenye pete, irudishe kwa fundi viatu siku hiyohiyo, usisubiri. Ikiwa imetulia, ijaze nguo laini ndani na uitundike mahali penye hewa mpaka siku ya safari. Usiifungie kwenye nailoni, itapata ukungu.

Mambo mawili ya afya. Gundi ya viatu ina mvuke mkali unaolevya na kuumiza kichwa, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike nje au mlango wazi, na mjamzito au mtoto asikae karibu. Na kama mnyororo au bizimu ukikugusa unakuletea wekundu na muwasho mahali palepale kila mara, huenda ngozi yako haipatani na nikeli iliyomo kwenye vyuma vingi. Acha kuivaa, na isipopungua baada ya siku chache nenda kituo cha afya wakuone. Usipake tu dawa ya dukani.

Na ile ya zamani, usiitupe. Ifumue kwa wembe, mshono kwa mshono, na uandike kwa chaki kila kipande kilikuwa wapi. Mpelekee fundi wako wa magauni, yuleyule, pamoja na paja la jinzi. Mwonyeshe mstari mmoja ulioshika mkanda na matundu yake yaliyochanika. Kitenge chake kikifuliwa na kupewa mgongo wa jinzi na mikanda mipya, kinarudi kuwa mfuko mzuri wa sokoni, na yeye atakuwa amejifunza kwenye kitambaa ambacho hakuna anayekihofia, kabla hajakata kile cha sendofu. Ukikwama kwenye mraba wa ngozi au almasi zikikataa kukutana, niletee vipande vyote kama vilivyo, hata kama havijashonwa, tuviweke mezani tuvitazame pamoja na fundi wako akiwepo.